Barua kutoka Florida: Njia ya Radi na Njia ya Watu

Ndugu zangu wa Kagera, na wasomaji wote wa ukurasa huu,

Nawaandikia kutoka Tampa, jimbo la Florida. Joto la Julai limeshika kasi. Leo nina jambo zito la kuwaeleza: radi, na moto ambao radi huuacha ndani ya nyumba za watu. Naliandika sasa kwa sababu huku tuko katikati ya msimu wake, na huko nyumbani mvua za vuli haziko mbali.

Florida ni rasi, maji yameizunguka pande tatu. Jua likishaichoma nchi kavu, upepo huingia kutoka Ghuba ya Mexico upande wa magharibi, na mwingine kutoka Atlantiki upande wa mashariki, zikakutana katikati ya nchi. Pepo hizo zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na unyevu zilioubeba huwa mawingu marefu meusi. Saa tisa alasiri mbingu imefunga, saa kumi ngurumo zimeanza. Tampa husikia ngurumo zaidi ya siku 80 kwa mwaka. Hata timu ya mji ya hoki ya barafuni, Tampa Bay Lightning, imebeba jina la radi.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tunaijua hali hii. Ziwa letu hufanya vivyo hivyo kwa saa nyingine: usiku nchi kavu ikipoa, upepo hutoka kwenye pwani zote na kukutana juu ya maji, na wavuvi ndio wanaojua gharama yake. Magharibi zaidi, kwenye milima ya Kivu, hali ni kali kuliko kwetu. Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za satelaiti za miaka 16 walilitaja Ziwa Maracaibo la Venezuela kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani. Mahali pa pili palikuwa Kabare, Kivu Kusini, pakiwa na miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo nikitaja radi ya Florida, ndugu zangu, msidhani nasimulia mambo ya Wamarekani peke yao. Ni mambo yetu, ila huku nimeyaona kwa karibu, na nimeona jinsi watu walivyojipanga kuyakabili.

Mtaani kwetu kuna familia ya Wakongo kutoka Bukavu. Alasiri moja ya msimu uliopita, radi iliipiga nyumba yao. Mwanga na mlipuko vilikuja pamoja, madirisha yetu yakatetemeka, na umeme ukakatika kwao tu. Kwa nje nyumba ilikuwa nzima. Paa lilikuwa mahali pake, hakukuwa na moshi wala mwali. Ndani walisikia harufu hafifu ya kitu kilichoungua, basi. Baba mwenye nyumba alitaka kuchukua ngazi apande darini kuangalia. Mkewe akakataa. Aliwatoa watoto pamoja na bibi yao, akawaleta mbio barazani kwetu, mumewe akiwafuata nyuma, kisha akapiga 911. Nilimsikia akieleza kwa Kiingereza kifupi kilichonyooka: nyumba imepigwa na radi, watu wote wametoka, moto hatuuoni, njooni muangalie.

Askari wa zimamoto walifika na hakuna aliyemuuliza kwa nini amewaita bila kuona moto. Mmoja wao alishika kamera inayoona joto, akaielekeza kwenye dari, chumba baada ya chumba. Kwenye chumba cha watoto ikaonyesha doa lenye joto kali, juu kabisa ya kitanda cha deka, nyuma ya dari nyeupe isiyokuwa na alama yoyote. Wakatandika turubai juu ya vitanda, wakaivuta jipsamu kwa ndoano, na pamba ya kuzuia joto ikaanguka ikiwa inafuka. Kipande cha kenchi kilikuwa kimeshageuka mkaa. Walizima kwa maji kidogo tu. Familia ililala kwa jamaa zao, na fundi umeme alipomaliza kukagua nyaya, walirudi nyumbani.

Wakati haya yote yakiendelea, king'ora cha moshi kilikuwa kimya. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa chini ya dari, na moshi ulikuwa juu ya dari, na moshi kazi yake ni kupanda. Hii ndiyo sababu moto wa radi hudanganya watu. Mwale wenyewe huipasha hewa joto hadi nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua, lakini hupita kwa muda mfupi mno. Unachokiacha darini chaweza kuwa cheche moja kwenye mbao au ndani ya pamba. Cheche hiyo hula polepole, pengine kwa saa kadhaa, hadi ipate hewa ya kutosha. Watu wameshakula chakula cha usiku, wamemshukuru Mungu kwa kuwanusuru, wamelala. Ndipo paa linapowaka, na mara nyingi anayeuona moto wa kwanza ni mpita njia.

NFPA, chama cha Marekani cha kukinga moto, kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2007 na 2011 vikosi vya zimamoto nchini humo vilishughulikia wastani wa moto 22,600 kila mwaka ulioanzishwa na radi. Sehemu kubwa iliwaka porini na kwenye nyasi. Hata hivyo, hasara kwa ujumla ilifika dola milioni 451 kwa mwaka, na watu wastani wa 9 walipoteza maisha. Mtaweza kusema 9 ni wachache kwa nchi yenye watu wengi hivi. Nami nasema ni wachache kwa sababu wengi walifanya kama mama yule wa Bukavu: walitoka kwanza, wakaita msaada, na kukagua wakawaachia wenye vifaa.

Tulipokuwa tumekaa barazani tukingoja, bibi wa familia ile alinigeukia. "Kwetu," akasema, "saa hizi watu wangekuwa wanaulizana nani ameituma." Nilimjibu kwamba hata kwetu ni hivyo hivyo. Nyumba ikipigwa na radi, jirani aliyegombana na mwenye nyumba wiki iliyopita hulala kwa wasiwasi. Nimesikia tangu utotoni habari za kufunika vioo, kuvua nguo nyekundu, kuogopa radi ya kutumwa. Siwadharau wazee wetu. Waliona jambo la kutisha, wakatafuta maana yake. Lakini nimeona pia undugu ukivunjika kwa swali hilo, na wakati watu wanamtafuta mtu, hakuna anayeitazama dari.

Swali lenye faida ni jingine: radi ilipita wapi? Radi haina nia. Inatafuta ardhi, na itafika ardhini kwa njia yoyote itakayoipata: kwenye kenchi, kwenye nyaya za umeme, kwenye bomba la maji, kwenye waya wa antena, kwenye mwili wa mtu. Mwale wa kawaida hubeba ampia 30,000 hivi, wakati swichi kuu ya nyumba nyingi huku imepangiwa ampia 200. Hakuna swichi ya nyumbani iliyotengenezwa kuuzuia mzigo huo. Kinachowezekana ni kuuonyesha njia nzuri ya kupita. Basi, ndugu zangu, kujiandaa kwa moto wa radi ni kuandaa njia mbili: ya radi kwenda ardhini, na ya watu kwenda nje.

Nianze na njia ya radi. Benjamin Franklin, huku huku Marekani, ndiye aliyependekeza katikati ya karne ya 18 kwamba fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ya jengo na kuunganishwa na ardhi ingelikinga. Kanuni haijabadilika. Mtego wa radi haufukuzi radi wala hauiiti kutoka mbali. Ukipigwa, huipokea na kuiteremsha nje ya nyumba kwa nyaya nene za shaba au alumini, hadi kwenye vyuma vilivyozamishwa ardhini mita tatu hivi. Mtego ambao waya wake umekatika, au ambao haukuzamishwa vizuri, ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa sababu umeipokea radi na hauna pa kuipeleka. Kwa hiyo kazi hii hupewa fundi aliyesomea, na baadaye hukaguliwa.

Pamoja na mtego, nyumba nyingi huku hufungiwa kwenye swichi bodi kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme unaoingia ghafla kupitia nyaya za nje. Kifaa hiki huokoa friji na televisheni radi ikipiga nguzo ya mbali, lakini peke yake hakitoshi radi ikiipiga nyumba yenyewe. Kuchomoa vitu kwenye soketi bado ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, mradi uchomoe kabla ngurumo hazijafika. Zikishafika, acha. Usishike waya, usioge, usioshe vyombo, kwa sababu radi hupita kwenye nyaya na mabomba.

Walio na gesi ya bomba huku wana jambo jingine la kuangalia. Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi zimefungwa mabomba membamba ya chuma yanayokunjika, mengi yakiwa na ganda la rangi ya njano. Radi ikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bomba hilo, inaweza kulitoboa, gesi ikatoka huku ikiwaka. Mwaka 2012, mjini Lubbock, Texas, kijana mmoja alifariki katika moto wa namna hiyo. Dawa yake inajulikana: bomba liunganishwe kwa waya mnene wa shaba na ethi ya nyumba. Ninyi mnaoishi Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, mkinunua nyumba, mwombeni mkaguzi awaonyeshe waya huo kwa macho yenu.

Sasa njia ya watu, ambayo ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Nyumba za siku hizi zimejaa sofa za sponji, mazulia ya nailoni na vitu vya plastiki. Moto ukishashika, huenda mkawa na dakika mbili tu za kutoka. Katika dakika mbili hakuna mkutano wa familia. Lazima kila mtu awe ameshajua anapita wapi. Kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili, mlango na dirisha, na watoto walifungue dirisha hilo kwa mikono yao siku ya jua. Milango ya vyumba ilale imefungwa, maana mlango uliofungwa huuchelewesha moshi.

King'ora cha moshi kiwekwe ndani ya kila chumba cha kulala na nje yake, kibonyezwe kila mwezi kujaribiwa, na kibadilishwe kikifika miaka 10. Najua shida yetu. Tunakaanga samaki, tunachoma mahindi, king'ora kinapiga kelele, mtu anapanda kiti na kuchomoa betri. Fungueni dirisha, washeni feni, pepeeni kwa kanga, lakini betri msiitoe. Ni kweli kwamba radi ikianzia darini king'ora huchelewa. Lakini moto ukipasua dari usiku wa manane, hicho ndicho kitakachowaamsha.

Kuna jambo katika mipango ya wenzetu ambalo kwa radi linahitaji kurekebishwa. Kila familia hufundishwa kuchagua mahali pa kukutania nje, na wengi huchagua mti mkubwa ulio mbele ya nyumba. Kwa moto wa jikoni, sawa. Kwa moto wa radi, mti ule ndio mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu mvua bado inanyesha na ngurumo bado zinapiga. Chagueni ndani ya nyumba ya jirani, au gari lenye paa la chuma lililoegeshwa mbali na nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa. Na mwambieni jirani mapema, ili mtoto akigonga usiku mlango ufunguliwe bila maswali. Jirani yetu alikuja kwetu kwa sababu tulikuwa tumeshakubaliana.

Liko pia suala la lugha. Wengi wetu huku tunafanya kazi za usiku, kwenye hospitali na nyumba za kulea wazee. Watoto hubaki na bibi au shangazi aliyekuja kututembelea, ambaye Kiingereza hakijui. Mlezi huyo afundishwe mambo matatu: namba 911, anwani ya nyumba iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa mlangoni, na kutamka "Swahili" akisikia sauti upande wa pili. Vituo vingi vina wakalimani kwa njia ya simu. Msimwachie mtoto mdogo mzigo wote wa kuzungumza na dunia kwa niaba ya nyumba nzima.

Bima sitaieleza kwa kirefu. Anayepanga nyumba ajue kwamba bima ya mwenye nyumba hailipi kitanda cha mpangaji, kwa hiyo akate yake. Pasipoti, kadi za ukaazi na vyeti vipigwe picha na kuhifadhiwa nje ya nyumba, kwa sababu mhamiaji ambaye karatasi zake zimeungua huteseka mara mbili.

Sasa nageukia nyumbani. Huko gari la zimamoto lenye kamera ya joto halitafika haraka, hasa vijijini, ingawa namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kila Mtanzania anapaswa kuijua kwa moyo. Radi ikiipiga nyumba, tokeni wote. Kama swichi kuu inafikika bila kupita kwenye moshi, izimwe. Ngurumo zikishapita, majirani wakeshe nje kwa zamu wakilitazama paa na matundu ya darini hadi asubuhi, ndoo zikiwa zimejaa. Nyumba ya nyasi huwaka papo hapo, haina kungoja, kwa hiyo wanaolala humo wahamie kwenye nyumba ya bati mawingu yanapofunga. Na msiliogope bati. Bati haliiti radi. Linaloleta hatari ni kukosa njia kati ya bati na ardhi.

Shule nazo zisisahauliwe. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa ndani ya darasa. Walikuwa wamejikinga mvua. Jengo lisilo na njia ya kuiteremsha radi si kimbilio. Wazazi mnaochangia madawati, ulizeni pia kuhusu mtego wa radi na nani anaukagua.

Na sisi wa ughaibuni, tunaotuma pesa za ujenzi, tuna wajibu wetu. Tunauliza habari za vigae, rangi, geti na uzio. Madirisha tunayawekea nondo, milango tunaiweka ya chuma yenye kufuli juu ya kufuli, kwa sababu mwizi yupo kweli. Nyumba hizo hazimruhusu mtu kuingia, na usiku wa moto hazimruhusu mtu kutoka. Wanaolala humo si wageni. Ni mama zetu, baba zetu wadogo, watoto wa dada zetu tunaowasomesha.

Kaka yangu, shikamoo. Wewe unayesimamia nyumba ya mama pale Muleba, haya ndiyo maombi yangu, nami nayatamka mbele ya wasomaji ili nisiyarudishe nyuma. Zile pesa tulizotenga kwa ajili ya geti kubwa, zitumike kwanza kwa mambo mawili. La kwanza, fundi azamishe ethi sawasawa, aipime kwa kipimo mbele yako, asikuonyeshe tu chuma kilichochomekwa kwenye udongo. Aweke na mtego wa radi, na dari isifungwe kabla hujaona kwa macho waya ulipoanzia na ulipoishia. La pili, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mama na wajukuu wanaufikia lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Kisha siku moja ya Jumapili, mkitoka kanisani, waambie wote wajaribu kutoka kwa njia hiyo, mama akiwa wa kwanza.

Geti litasubiri. Likichelewa mwaka mzima, hakuna atakayelia. Nisalimie mama, mwambie nitapiga simu kumweleza mwenyewe kwa nini tumelisogeza mbele, na najua atakubali, maana ametulea sote chini ya ngurumo za ziwa lile.

Ni mimi ndugu yenu,
Tampa, Florida